Kuiondoa Kutu Kwenye Swingi: Mwongozo kwa Mchezaji wa Gofu Anayerudi Uwanjani

Fimbo zangu zilikaa stoo miezi kumi na minne. Kazi ilikuwa imenihamishia Dodoma, familia ikabaki Dar es Salaam, na kila niliporudi nyumbani mwisho wa mwezi palikuwa na msiba, harusi au bomba lililopasuka, mambo ambayo hayangeweza kuisubiri gofu. Siku nilipoufungua mfuko hatimaye, hewa ya chumvi ya pwani ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake: weji mbili, zile fimbo fupi za mikwaju ya karibu, zilikuwa na madoa mekundu ya kutu usoni, na raba za vishikio zilikuwa zimekauka zikang'aa kama soli ya kiatu cha zamani. Weji nilizisugua kwa siki na mswaki mkuukuu, zikatakata. Kutu iliyokuwa imeingia mwilini mwangu haikuwa ya kusugua kwa siki, na hiyo ndiyo inayohusika na mwongozo huu.

Jumamosi ya kwanza nilifanya kosa ambalo wachezaji wengi wa ridhaa hulifanya wanaporudi. Nilifika uwanjani dakika kumi kabla ya zamu yangu, nikawasalimia wenzangu watatu ambao hawakuwa wameacha kucheza hata wiki moja, nikachomoa draiva, ile fimbo ya mikwaju ya mbali, na kusimama kwenye tii, mahali pa kuanzia, ya shimo la kwanza kana kwamba nilikuwa nimecheza jana yake. Mpira wa kwanza ulikwenda kulia ukaingia mitini. Wa pili niliugonga kichwani, ukatambaa mita thelathini hivi na kusimama kabla haujazipita hata tii nyekundu zilizo mbele. Kedi wangu, mzee aliyekuwa akibeba mifuko uwanjani hapo tangu kabla sijajua kushika fimbo, alinitazama, akautazama mpira, kisha akasema kwa upole: "Kijana wangu, mpira umelala, haukimbii. Wewe unaukimbilia nini?" Nilikuwa na hendikepu ya 17, yaani mikwaju ya ziada ninayopewa nikilinganishwa na mchezaji hodari. Mzunguko huo niliumaliza kwa mikwaju 117, na mipira sita ikabaki vichakani.

Anza shimoni, urudi nyuma

Kanuni ninayoipendekeza, ambayo niliinunua kwa bei ya mipira hiyo sita, ni kuanza mazoezi shimoni na kurudi nyuma taratibu kuelekea kwenye tii, ili draiva iwe fimbo ya mwisho kuguswa. Sababu ya kwanza ni ya hesabu. Uwanja wa paa 72 (nasema paa ya gofu, idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji hodari, siyo paa la nyumba wala yule mnyama) hupangwa kwa kudhani kwamba utasukuma mpira mara mbili kwenye kila grini, ule uwanda wa nyasi fupi wenye shimo, maana yake mikwaju 36, nusu ya yote, hutumika mahali ambapo nguvu hazihitajiki kabisa. Sababu ya pili ni ya mwili. Mtu aliyecheza miaka kadhaa hasahau swingi, ule mzungusho mzima wa fimbo, inavyoonekana. Anachopoteza ni mambo mawili madogo, yaani mpangilio wa muda kati ya kiuno na mikono, na uwezo wa kuifikisha fimbo chini kabisa mahali palepale kila mara. Draiva ndiyo ndefu kuliko fimbo zote na ndiyo inayokwenda kasi kuliko zote, hivyo kosa la sentimita moja likitendwa nayo huupeleka mpira kiwanja cha jirani, ilhali kosa hilohilo likitendwa na weji kando ya grini hukugharimu mita mbili tu. Ukianza na draiva utaliona kosa, lakini hutaelewa limetoka wapi. Ukianza na mkwaju mfupi, kosa hujieleza lenyewe.

Jipe wiki nne. Najua ni nyingi kwa mtu aliyekwisha kualikwa Jumamosi ijayo, na sisemi usiende. Nenda, lakini nenda kwa namna nitakayoieleza baadaye, na usiihesabu siku hiyo kuwa kipimo cha chochote.

Wiki ya kwanza huhitaji uwanja. Kagua kwanza vishikio, kwa sababu raba iliyokauka huteleza, na mkono unaohofia fimbo kuteleza hukaza, na mkono uliokaza huua swingi nzima kuanzia kiwiko hadi bega. Vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, uvikaushe kivulini. Vikiendelea kung'aa, vibadilishe. Kisha shika fimbo dakika chache kila jioni bila kupiga kitu, mpaka mikono izoee tena. Ngozi ya viganja nayo huwa imelainika, na anayekwenda kupiga mipira mia moja siku ya kwanza hurudi na malengelenge yatakayomfanya abadili mshiko bila kujijua, akawa amejifundisha kosa jipya juu ya la zamani.

Kusukuma mpira kunaweza kufanyika kwenye zulia. Simamisha tii mbili, vile vijiti vya kuwekea mpira, au viberiti viwili, vikiachana kwa nafasi inayoipita kidogo tu fimbo ya kusukumia, na uipitishe fimbo katikati bila kuvigusa. Hilo hurekebisha uelekeo, ambao kwa kweli haupotei sana. Kinachopotea kwa mtu aliyekaa nje ni kipimo cha umbali, na hicho hakifundishiki sebuleni. Siku ya kwanza utakapofika kwenye grini ya mazoezi, usilenge shimo kabisa. Chukua mipira mitatu, usimame hatua nne kutoka ukingo wa grini, usukume ili kila mmoja usimame karibu na ukingo bila kuuvuka. Halafu hatua nane, halafu kumi na mbili. Zoezi hili linachosha, nalikubali, na hakuna anayekutazama kwa mshangao mzuri ukilifanya. Hata hivyo shimo lina upana wa milimita 108 tu, na mpira unaosimama sentimita arobaini kutoka kwake hauhitaji ujasiri wowote kuumalizia.

Mstari mchangani

Hapa ndipo ningependa msomaji akae muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa zoezi hili moja lilinisaidia zaidi ya mengine yote yakijumlishwa.

Fimbo za chuma hupiga vizuri pale uso unapoukuta mpira kwanza na ardhi baadaye. Mtu mwenye kutu huikuta ardhi kwanza, na mkwaju ukawa mzito, mpira ukaanguka njiani. Au akiogopa ardhi hujinyanyua, akaugonga mpira kichwani kama nilivyofanya mimi. Makosa hayo mawili yanaonekana kuwa kinyume, lakini chanzo chake ni kimoja: sehemu ya chini kabisa ya swingi imerudi nyuma ya mpira. Mara nyingi hutokea kwa sababu uzito wa mwili unabaki kwenye mguu wa nyuma.

Ukiwa pwani, nenda ufukweni maji yakiwa yamekupwa, mahali ambapo mchanga ni mbichi na mgumu kidogo. Chora mstari mnyoofu kwa kidole cha mguu, wa urefu wa kama hatua tatu, ukitoka mbele yako kuelekea baharini. Simama mstari ukiwa katikati ya miguu yako, chukua weji, upige swingi nusu bila mpira wowote, kisha usogee hatua ndogo mbele na upige tena, mpaka mstari uishe. Rudi uutazame. Kila alama ya fimbo inapaswa kuanzia kwenye mstari au mbele yake kidogo, upande wa shabaha. Nilipojaribu mara ya kwanza, kati ya alama kumi, saba zilianza nyuma ya mstari kwa upana wa kiganja kizima, na mbili hazikugusa mchanga kabisa. Mtoto mmoja aliyekuwa akiuza karanga alisimama akaniuliza kama nilikuwa natafuta kitu. Nikamwambia ndiyo.

Dawa yake ni rahisi kueleza na ngumu kuvumilia. Uweke uzito zaidi kwenye mguu wa mbele kabla hujaanza, uache ubaki hukohuko mwanzo hadi mwisho, na umalize ukiwa na kifua kilichoelekea shabaha. Usijaribu kuchimba. Usijaribu kuunyanyua mpira, kwani uso wa fimbo umelazwa kwa ajili hiyo. Siku ya nne alama saba zilikuwa mbele ya mstari. Asiye karibu na bahari anaweza kunyunyiza mstari wa unga wa ngano kwenye nyasi, ingawa nyumbani kwetu matumizi hayo ya unga yalizua mjadala. Wa ufukweni, tafadhali zioshe fimbo kwa maji yasiyo na chumvi na uzikaushe siku hiyohiyo, la sivyo utarudi kwenye siki na mswaki.

Ukishapata alama mbele ya mstari, weka mpira. Anza na mikwaju midogo ya kando ya grini. Tandaza kanga au taulo kwenye nyasi hatua tano mbele yako, na kazi yako iwe kuudondosha mpira juu ya kanga; unakokwenda ukishaanguka ni suala la fimbo uliyochagua. Ukitumia weji utasimama mapema, ukitumia chuma namba 8 utabingirika mbali. Ningekushauri utumie fimbo moja tu mwezi mzima, kwa kuwa mtu anayerudi hana ziada ya mawazo ya kugawa kati ya fimbo nne.

Halafu ndipo zije swingi za nusu na robo tatu kwa chuma namba 8 au 9. Kasi ndiyo adui hapa. Wachezaji hodari hutumia muda wa kuinyanyua fimbo unaokaribia mara tatu ya muda wa kuishusha hadi kwenye mpira, na uwiano huo haubadiliki sana hata pale swingi yao inapoonekana ya haraka. Mwenye kutu hunyanyua kwa pupa na kushusha kwa pupa zaidi. Hesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu wakati wa kunyanyua, na nne kwenye mpira. Ukipoteza hesabu, bana miguu yako pamoja visigino vigusane, upige hivyo hivyo mipira kumi. Ukitumia nguvu utayumba, na mwili hautaki kuanguka hadharani, kwa hiyo utapunguza kasi wenyewe bila kuambiwa.

Jambo moja zaidi la mazoezini. Paka poda kidogo ya mtoto usoni mwa fimbo kabla ya kupiga, uangalie doa la mpira limeachwa wapi. Utashangaa ni mara ngapi mkwaju uliodhani umeharibiwa na bega au goti uliharibiwa na kuugonga mpira karibu na shingo ya fimbo, jambo ambalo mara nyingi hurekebishwa kwa kusimama nyuma kidogo.

Kuchagua uwanja, na kuusoma

Mchezaji anayerudi huchagua uwanja kwa sifa zake, wakati angefaa auchague kwa huruma yake. Mashimo tisa yanatosha mwanzoni. Mgongo wa chini na mikono huchoka kuanzia shimo la kumi au la kumi na moja, na kuanzia hapo unajizoeza kucheza ukiwa umechoka, zoezi ambalo halina faida yoyote. Mwambao na bara kuna viwanja vya mashimo tisa vinavyofaa kwa kazi hiyo: Mombasa Golf Club ulio kando ya bahari, Arusha Gymkhana, na ule wa Sea Cliff kule Unguja. Kwenye uwanja wa mashimo 18, kama Lugalo unaomilikiwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania au Dar es Salaam Gymkhana katikati ya jiji, hakuna anayekukataza kuondoka baada ya tisa ukiwaaga wenzako mapema kwamba ndivyo ulivyopanga.

Tumia tii za mbele, zinazolifupisha shimo. Waungwana wengi wanaona haya kufanya hivyo, nami niliona haya, hadi nilipofika kwenye grini kwa mikwaju miwili mashimo matatu mfululizo na kugundua kwamba haya yenyewe haina mahali pa kuandikwa kwenye kadi.

Kisha usome upepo. Kwa sisi wa pwani, kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, na kusi huchukua nafasi yake miezi ya katikati ya mwaka, tena kwa nguvu zaidi. Shimo lililokuwa jepesi ulipoacha gofu mwezi wa Januari litakuwa shimo jingine ukirudi Julai, na ukilipima kwa kumbukumbu utajidhania umeishiwa nguvu wakati ni upepo umegeuka. Dhidi ya upepo, ongeza fimbo moja au mbili (yaani chukua ya umbali mrefu zaidi), shika chini kidogo kwenye kishikio, na upige taratibu. Anayepiga kwa nguvu dhidi ya upepo huuzungusha mpira zaidi, nao hupaa juu na kurudi kama tiara. Masika nayo ina masharti yake, kwa kuwa mpira hauviringiki kwenye feawei, ile njia ya nyasi zilizokatwa kati ya tii na grini, ikiwa imelowa. Ukirudi mwezi wa Aprili, hesabu umbali wa mpira ukiwa hewani peke yake.

Mwinuko ni somo la pekee, na mimi nililipata Arusha. Mji huo uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Nilikuwa mita 130 kutoka kwenye bendera, umbali ambao Dar es Salaam ni wa chuma namba 7 kwangu, nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, nikaupiga mpira vizuri kwa mara ya kwanza tangu nirudi, nikausindikiza kwa macho ukipita juu ya bendera, ukapita juu ya grini, ukaangukia nyuma kwenye nyasi ndefu. Hewa ya juu ni nyepesi, haiuzuii mpira sana, na mtu wa pwani anapopanda Arusha au Nairobi, ambayo iko takriban mita 1,700, kwa kawaida apunguze fimbo moja, achukue ya umbali mfupi zaidi. Hewa hiyohiyo pia hupunguza kupinda kwa mpira. Nilipocheza Nairobi slaisi yangu, ule mpira unaopinda kulia, ilionekana imepona kabisa, nikawapigia simu jamaa kuwaeleza. Wiki iliyofuata nilishuka Dar, na slaisi ilikuwa imetangulia kufika. Usiamini uponyaji uliotokea milimani.

Nyasi nazo hutofautiana. Sehemu nyingi za nyanda za juu za Kenya zina nyasi ya kikuyu, ambayo kwenye feawei huubeba mpira ukakaa juu kama uliowekwa kwenye tii, lakini kwenye rafu, zile nyasi ndefu za pembeni, hulishika shingo la fimbo na kuugeuza uso kabla hujaufikia mpira. Ukiwa humo, chukua weji, kaza mkono wa mbele kidogo kuliko kawaida, na urudi feaweini. Chuma namba 4 kutoka kwenye rafu ya kikuyu ni njia ya kupoteza mkwaju na kuumiza kifundo cha mkono kwa wakati mmoja.

Viwanja vikubwa viache kwa mwezi wa pili au wa tatu. Kili Golf, kati ya mlima Meru na Kilimanjaro, na ule wa Baobab huko Vipingo, kaunti ya Kilifi, vyote vya mashimo 18 na vyote kazi ya msanifu mmoja, David Jones wa Ireland ya Kaskazini, ni viwanja ambavyo mtu angependa kuviona akiwa na macho ya kutazama mandhari, siyo akiwa ameinama kutafuta mipira.

Mzunguko wenyewe

Fika dakika arobaini kabla. Kumi za kwanza ni za kunyoosha mgongo, nyonga na mabega, kwa taratibu, bila fimbo. Kumi za grini ya mazoezi. Mipira ishirini, isiyozidi, ukianza na weji na kumaliza na chuma namba 7. Uache nafasi ya kunywa maji.

Sheria zinaruhusu fimbo 14, lakini hazilazimishi. Mizunguko minne ya kwanza nilibeba tisa, na draiva niliiacha kwenye buti la gari, kwa maana najijua: ingekuwa mfukoni ningeitoa. Kwenye mashimo ya paa 4 nilianza kwa mbao namba 5, fimbo ya jamii ya draiva lakini fupi zaidi, au chuma, nikafika grini kwa mikwaju mitatu, nikasukuma miwili, bogi, yaani mkwaju mmoja juu ya paa. Bogi kila shimo kwenye paa 72 ni mikwaju 90, na mtu aliyetoka kwenye 117 hana sababu ya kuidharau 90.

Ukiwa matatani, ulipie mkwaju mmoja utoke. Mpira ukishukiwa umepotea, tangaza na upige wa akiba kabla hujaondoka, kwa kuwa muda wa kutafuta sasa ni dakika tatu tu, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019. Walioacha gofu kabla ya hapo wajue pia kwamba mpira hudondoshwa kutoka usawa wa goti, bendera inaweza kubaki shimoni unaposukuma, na mpira uliozama kwenye bunka, lile shimo la mchanga, unaweza kutolewa nje ya bunka kwa adhabu ya mikwaju miwili. Hilo la mwisho nimelitumia mara mbili. Si aibu: kwenye mchanga fimbo hupaswa kuingia kama sentimita tano nyuma ya mpira, na wiki tatu za kupigia mistari zilikuwa zimenifundisha kinyume chake.

Ukiweza, cheza kwa mtindo wa Stableford wa kuhesabu pointi kwa kila shimo, ambao hukuruhusu kuokota mpira shimo linapoharibika na kuanza upya linalofuata. Katika kuhesabu hendikepu nako kuna kinga: shimo lolote haliandikwi zaidi ya paa, kuongeza mikwaju miwili, kuongeza mikwaju unayopewa hapo. Kwa hendikepu yangu ya 17, shimo la paa 4 ninalopewa mkwaju mmoja linaishia kwenye 7, hata kama nilipiga 11. Wasilisha kadi zote, mbaya na nzuri. Mfumo wa hendikepu wa dunia uliozinduliwa mwaka 2020 huchukua wastani wa matokeo 8 bora kati ya 20 ya mwisho, kwa hiyo kadi mbili tatu za kutu haziwezi kukupandisha ghafla, na kupanda kwenyewe kumewekewa kikomo cha 5.0 juu ya hendikepu yako ya chini kabisa ya mwaka. Anayezificha kadi mbaya hubaki na hendikepu ya mtu aliyekuwa zamani, akashindwa kila Jumamosi na yule aliyekuwa yeye.

Na umtumie kedi. Wengi wao wanacheza vizuri kuliko sisi tunaowabebesha mifuko, na wanazijua grini kwa miguu. Hata hivyo usimwombe akurekebishe swingi katikati ya mzunguko. Utapata ushauri mwema kumi na nane na mpira hautajua uufuate upi. Mimi nilimwomba mzee mambo mawili tu: anieleze mteremko wa grini, na aniambie ninapoharakisha. La pili alilifanya bila maneno. Kila nilipoanza kukimbia, alikohoa.

Mzunguko wa tano nilikuja na draiva mfukoni. Nilimwonyesha, hakusema kitu. Tulipita mashimo sita bila kuigusa, mawili kati yake yana miti pande zote, na ya saba, paa 5 pana yenye upepo wa nyuma, nikiwa bado natafuta mbao namba 5 kwenye mfuko, nilimwona amekwisha kuivua draiva kofia yake na kunishikisha. "Hesabu," akasema. Nikahesabu hadi nne. Mpira haukwenda mbali sana, ila tuliukuta feaweini, upande wa kushoto kidogo, na mzee akaniuliza kama ni weji au chuma namba 8 ninayotaka kwa mkwaju wa pili. Alikuwa akitania, kwani bado palikuwa na mita 260.